Kuuwinda Mtambo wa Redio Uliofichwa

Watoto wa kila nchi wanaujua mchezo wa kujificha na kutafutana. Mmoja hujificha, wenziwe hufumba macho, kisha huenda wakamtafuta mpaka wamwone. Leo nataka kuwaeleza habari za mchezo wa namna hiyo unaochezwa na watu wazima, wenye motokaa, ramani, dira na vyombo vya redio. Kinachofichwa si mtu, bali ni mtambo mdogo upelekao ishara hewani. Wanaoutafuta hawakuambiwa uko wapi. Wameambiwa tu kwamba saa fulani utaanza kulia, nao hawana cha kuwaongoza ila kilio chake.

Wanaoucheza mchezo huu ni watu wa redio wa ridhaa, yaani wale wajifunzao kazi ya redio kwa kuipenda tu, pasipo mshahara wala biashara. Huko Ulaya waliuita kuwinda mbweha, kwa kuwa mtambo hulala kichakani kama mbweha, na wenye kuutafuta huufuata kama mbwa wafuatao harufu.

Huenda mtu wa Rubya, akiwa chini ya migomba yake, akauliza: "Sisi yatuhusu nini haya?" Swali hilo ni la haki. Jibu lake nitalianza karibu na nyumbani, maana vita vilikwisha kufika Bukoba kwa sababu ya mtambo wa redio.

MLINGOTI WA BUKOBA

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wadachi waliokuwa wakitawala nchi hii walikuwa na mitambo ya simu ya upepo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilifika Dar es Salaam ikaupigia mizinga mtambo wa huko. Mtambo wa Bukoba ukabaki, nao ulikuwa ukipeleka habari toka ufuko mmoja wa ziwa hata mwingine, na kuziunganisha ngome za Wadachi pasipo waya.

Mwezi wa Juni 1915 majeshi ya Kiingereza yaliondoka Kisumu kwa meli, yakavuka Ziwa Viktoria, yakashuka karibu na Bukoba tarehe 22. Mkuu wao alikuwa Jenerali Stewart. Miongoni mwa askari alikuwamo mwindaji mashuhuri Frederick Selous, aliyekuwa na umri wa miaka 63. Walipigana siku mbili katika vilima na mabonde, na tarehe 23 mji ukatwaliwa. Mlingoti wa simu ya upepo uliangushwa, na ngome ikabomolewa. Mji nao uliporwa, kisha askari wakapanda meli zao wakarudi walikotoka. Wenyeji walioachwa na hasara hawakuwa wamepeleka hata neno moja kwa mtambo ule.

Tuangalie jambo moja katika habari hii. Hapana aliyehitaji kuutafuta mtambo wa Bukoba. Siku zile mtambo wa simu ya upepo ulitaka mlingoti mrefu, nyumba ya mashine na mafundi wengi, na kitu kama hicho hakifichiki. Lakini miaka ilipopita vyombo vilizidi kuwa vidogo. Leo mtambo wa kuweza kusikiwa maili kadha waweza kutiwa katika kopo la kahawa na kufukiwa chini ya majani makavu ya migomba. Apitaye karibu hauoni. Je, utapatikanaje?

ASEMAYE HUJIONYESHA ALIPO

Utapatikana kwa sababu unasema. Hili ndilo neno kubwa katika mazungumzo yangu yote: mtambo ulionyamaza ni vigumu mno kuupata, bali mtambo unaosema hujionyesha ulipo, upende usipende.

Fikirini ngoma ilyapo usiku ng'ambo ya bonde. Hamwioni, lakini kila mtu aliyeko nje huweza kunyosha mkono na kusema, "Inalia kule." Masikio mawili humjulisha mtu upande inakotoka sauti, maana sauti hulifikia sikio moja mbele kidogo ya jingine. Mawimbi ya redio hayasikiwi kwa masikio, nayo huenda kwa mbio zisizofikirika, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Hata hivyo, mafundi waligundua njia ya kuyatambua yatokako, na njia hiyo imefanana na ile ya masikio mawili.

Chukueni waya, mkaukunje uwe duara kama pete kubwa, kisha mwuunge na chombo cha kupokelea redio. Hiyo ndiyo eriali ya duara. Ukiisimamisha na kuielekeza ubavu kwa mtambo, jinsi gurudumu la baiskeli linavyoelekea njia liendayo, wimbi hufika upande mmoja wa duara kabla ya upande wa pili. Tofauti hiyo ndiyo itiayo nguvu katika waya, na sauti husikika sana. Ukiigeuza mpaka uso wake wote uuelekee mtambo, jinsi mtu atazamavyo kioo, wimbi hufika pande zote mbili kwa mara moja. Nguvu za upande huu na za upande ule hupingana na kuuana, na sauti hufifia hata ikanyamaza.

Mwindaji hodari hautafuti ukelele, huutafuta ukimya. Sauti ikiwa kubwa, sikio halitambui upesi kama imezidi au imepungua kidogo. Lakini pale inaponyamaza ni mahali pembamba. Ukigeuza eriali kidogo tu, sauti hurudi. Kwa hiyo ukimya huonyesha njia sawasawa kuliko ukelele.

Eriali hii ina upungufu mmoja. Huonyesha mstari, lakini haisemi kama mtambo uko mbele yako au nyuma yako. Mafundi huondoa shaka hiyo kwa kuongeza eriali nyingine ya wima, ambayo ikichanganywa na ile ya duara huufanya upande mmoja kuwa na sauti kuliko wa pili.

Kwa mawimbi mafupi sana, yale yenye urefu wa meta 2 hivi, wawindaji wa motokaa hupenda eriali ya namna nyingine, ambayo Wajapani wawili, Uda na Yagi, waliieleza mwaka 1926. Ni vijiti vya madini vilivyopangwa juu ya mti mmoja kama miiba ya samaki, kila kimoja chapata urefu wa meta moja. Eriali hiyo husikia zaidi upande wa mbele kuliko nyuma, hivyo mwenye nayo huigeuza polepole mpaka sauti izidi.

MISTARI MIWILI KATIKA RAMANI

Tuseme kwamba mtambo umefichwa mahali fulani katika vibanja vya Rubya. Motokaa moja imesimama juu ya kilima upande wa Muleba. Mwenye chombo anashuka, anageuza eriali yake, anapata ukimya, anatazama dira, kisha anapiga mstari katika ramani toka mahali aliposimama. Sasa ajua kwamba mtambo u katika mstari ule, lakini hajui ni karibu au mbali. Anapanda motokaa, aenda kilima kingine upande wa Nshamba, afanya vile vile, apiga mstari wa pili. Palipokutana mistari hiyo miwili ndipo mtambo ulipo.

Maneno haya ni mepesi, lakini kazi yenyewe ina hila zake. Kwanza, mistari yapasa ikatane kama msalaba. Ikiwa mahali pa pili pa kupimia pako karibu sawa na mstari wa kwanza, mistari hulala mmoja juu ya mwenziwe, na mtu hawezi kusema imekutana wapi. Pili, hapana kipimo kisicho na kosa. Ukikosea digrii 5 tu, hali mtambo uko maili 10, mstari wako utapita karibu maili moja kando yake. Kosa lile lile ukiwa maili moja tu huwa yadi 150 hivi. Ndiyo sababu mwindaji hapimi mara moja akaridhika. Hupima, hukaribia, hupima tena; na kila anapokaribia kosa lake hupungua. Wahenga walisema: mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.

Tatu, kuna hila ya vilima. Kila aliyelelewa katika nchi ya Kagera anaujua mwangwi. Mtu huita bondeni, na sauti ikamjibu kutoka genge la upande wa pili, hata mgeni akadhani kwamba kuna mtu kule. Mawimbi mafupi ya redio nayo hupiga mwangwi katika majabali, miinuko na mapaa ya mabati. Aliye chini bondeni huweza kupata mstari ulio safi kabisa, nao wamwongoza kwenye jabali tupu. Dawa yake ni kupima juu ya vilima, kupima mara nyingi, na kutoamini kipimo cha bondeni kinapopingana na vipimo vya juu. Majani mengi yaliyolowa mvua nayo hupunguza nguvu za mawimbi hayo, hata mtambo ulio karibu ndani ya migomba ukadhaniwa u mbali.

Nne, motokaa yenyewe ni adui. Bodi lake la chuma huyapinda mawimbi, na eriali ya duara iliyoshikwa ndani yake husema uwongo. Wengine huiweka eriali juu ya mti mrefu unaotokeza juu ya paa la motokaa; wengine husimama, hushuka na kwenda mbali kidogo na gari kabla ya kupima.

Ya mwisho ni ngumu kuliko zote, nayo ni hatua mia za mwisho. Hapo ishara ina nguvu mno hata chombo kimelemewa, na kila upande unapiga kelele sawa. Wawindaji huwa na kifaa cha kuipunguza ishara kwa makusudi. Asiye nacho hushika chombo kidogo kifuani mwake na kugeuka polepole pale aliposimama. Mwili wa mtu huzuia mawimbi, na kwa hiyo sauti ikififia sana, mtambo uko nyuma ya mgongo wake.

DESTURI ZA MCHEZO

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, watu wa ridhaa wa Uingereza walikwisha kuzoea kukutana siku ya mapumziko na kuuwinda mtambo mmoja mashambani. Vyama vya nchi mbalimbali vilikuwa vimekwisha kuungana mjini Paris mwaka 1925. Baadaye, katika Ulaya ya mashariki, mchezo huu uligeuzwa kuwa mashindano ya mbio za miguu: mitambo mitano hufichwa msituni, na kila mmoja hulia dakika moja kwa zamu yake, kisha hunyamaza dakika nne. Mashindano ya kwanza ya dunia nzima yalifanywa Cetniewo, katika nchi ya Poland, mwaka 1980.

Huko Marekani wengi walipenda zaidi kutumia motokaa. Mara nyingine mshindi ni aliyefika kwanza. Mara nyingine ni yule aliyekwenda maili chache kuliko wengine kwa hesabu ya saa ya motokaa yake. Desturi hii ya pili yapendeza, maana humkataza mtu kukimbiza gari hovyo, ikamlazimisha kusimama, kupima na kufikiri. Mwenda pole hajikwai.

MCHEZO ULIPOKUWA KIFO

Elimu hii haikutumiwa kwa furaha siku zote. Mwaka 1939 vita ilipoanza, Serikali ya Uingereza iliwanyang'anya watu wa ridhaa mitambo yao ya kupelekea ishara. Lakini wengi wao wakapewa kazi ya siri: kukaa nyumbani usiku na kusikiliza, ili wazinase ishara hafifu za wapelelezi wa Wadachi na kuziandika.

Katika Ufaransa iliyotekwa, kinyume chake, Wadachi ndio waliokuwa wawindaji. Wapinzani wao walikuwa na mitambo iliyotoshea katika sanduku la safari, wakipeleka habari London. Vituo vya Wadachi vilivyo mbali vilipima mistari na kuujua mji. Kisha motokaa zilizofunikwa, zenye eriali ndani, zilipita njiani polepole na kuujua mtaa. Mwishoni mtu alikwenda kwa miguu, chombo amekificha chini ya koti lake, akiitafuta nyumba. Kwa hiyo mpeleka habari alifundishwa kusema machache na kuhama mara kwa mara. Aliyekawia kusema aliyahatarisha maisha yake na ya waliompa malazi.

MITAMBO ITEMBEAYO KATIKA NCHI YETU

Sasa tugeukie habari njema. Katika Tanzania wako watu ambao huwinda mitambo iliyofichwa kwa motokaa, wala si kwa mchezo wala kwa vita. Katika miaka ya 1960, bwana mmoja aitwaye Iain Douglas-Hamilton, aliyekuwa akichunguza maisha ya tembo wa Ziwa Manyara, aliwavika baadhi yao ukosi wenye mtambo mdogo wa redio. Tangu miaka ya 1980 wachunguzi wa simba katika Serengeti nao wamefanya hivyo. Simba hulala katika majani marefu au chini ya mti mchana kutwa, na mtu aweza kupita karibu naye asimwone. Lakini ukosi wake hulia tiki, tiki, tiki. Mchunguzi husimama juu ya mwinuko, husikiliza kwa eriali iliyo juu ya gari lake, hupata upande, huendesha, husimama tena, mpaka amefika penye simba. Hivyo hujua kundi limekula nini, watoto wangapi wamezaliwa, na kama simba wanakaribia mifugo ya watu.

KILIO CHA MWENYE SHIDA

Lakini faida iliyo kubwa kupita zote ni kuokoa roho za watu, nasi tukaao kando ya ziwa yatupasa tuifahamu. Kila mwaka wavuvi wengi huangamia katika Ziwa Viktoria. Dhoruba hushuka ghafula usiku, mtumbwi hupinduka, na asubuhi ndugu husimama ufukoni wasijue hata waanzie kutafuta upande gani.

Tarehe 6 Novemba 2022 eropleni ya Shirika la Precision Air ilianguka ziwani ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43, na 19 wakafa. Wavuvi walioiona ikianguka walipiga kasia upesi, na watu 24 wakatoka hai. Waliokolewa kwa sababu eropleni ilianguka mchana, karibu na mji, mbele ya macho ya watu. Ingalianguka mbali katika giza, wavuvi wale hodari wangaliitafuta wapi?

Kwa ajili ya shida kama hiyo vilibuniwa vyombo vya kulilia msaada. Ni mitambo midogo inayochukuliwa katika eropleni na meli, nayo huanza kulia ajali ikitokea. Mwaka 1979 nchi za Kanada, Ufaransa, Marekani na Urusi ya Soviet zilipatana kuweka angani vyombo vya kuzunguka dunia ili visikilize kilio hicho, na mwaka 1982 watu wa kwanza waliokolewa kwa njia hiyo. Vyombo vya angani huonyesha mahali, lakini mara nyingi kwa kukisia maili kadha. Ndipo mtambo uleule hutoa ishara ya pili iliyo dhaifu, na waokoaji walio karibu huifuata kwa eriali zao, kilima kwa kilima, wimbi kwa wimbi, kama wale wawindaji wa mbweha. Yule aliyejizoeza kwa mchezo siku ya mapumziko huwa tayari siku ya msiba.

Yafaa tujue na mpaka wa chombo hiki. Mawimbi ya redio hayapenyi vyema katika maji. Mtambo uliozama hausikiwi, kwa hiyo ule unaofaa kwa chombo cha majini ni unaoelea.

JARIBIO LA WANAFUNZI

Mwanafunzi aweza kuionja elimu hii bila gharama. Chukua redio ndogo ya mkononi inayoshika mawimbi ya kati. Ndani yake mna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya, nacho kwa kawaida hulala kufuata urefu wa sanduku. Uwe nje, mbali na mabati. Pata kituo chochote kinachosikika, kisha igeuze redio polepole pale pale ulipo. Utaona sauti inazidi na kupungua. Inapopungua kabisa, ncha za kijiti zinaelekea kituo kile, mbele au nyuma. Piga mstari huo mchangani. Mwenzako naye afanye vile vile katika kijiji kingine, kisha iwekeni mistari yenu pamoja katika ramani ya nchi. Fanyeni mchana, maana usiku mawimbi hayo hurudishwa chini kutoka juu angani, na upande hupotea.

Kusikiliza kwaweza kufanywa na mtu yeyote. Kupeleka ishara ni jambo jingine: yeyote atakaye kuwa na mtambo wa kupelekea ni lazima apate kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mwenye kibali hupewa jina la hewani. Zamani za Tanganyika majina hayo yalianza na VQ3, na siku hizi ya Tanzania huanza na 5H. Sheria hii haikuwekwa ili kuwaudhi watu. Hewa ni moja, na mmoja akipiga kelele ovyo, aliye katika shida hatasikiwa.

Mwaka 1915 mlingoti mmoja wa redio uliiletea Bukoba moto na hasara. Elimu ileile, ikishikwa na mikono iliyojizoeza, yaweza kumrudisha nyumbani mtu aliyekwisha kuliliwa. Mwenye kulia amejionyesha alipo. Kazi yetu ni kuwa na watu wanaojua kusikiliza.